Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Arusha, Kigali na Deni la Haki

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kwa furaha ya chakula. Mgeni akibisha hodi kuku huchinjwa, na mwenyeji aliyezoea kisamvu naye hupata paja. Lakini neno lenyewe ni "apone", wala si "ashibe". Na anayepona ni yule aliyekuwa mgonjwa. Ndipo panapozuka maswali. Mwenyeji alikuwa akiugua nini? Mgeni kaja na dawa gani? Na akishaondoka, nyumba itabaki katika hali gani?

Maswali haya matatu nataka kuyauliza katika mlango ambao sisi washairi hatuupitii sana, mlango wa mahakama. Mgeni wangu ni mahakama ya kimataifa. Mwenyeji ni mahakama ya nchi ambamo damu imemwagika. Mfano wangu mkuu ni Rwanda, kwa kuwa kesi zake kubwa zilisikilizwa Arusha, katika ardhi ya Kiswahili, kuanzia mwaka 1997 hadi milango ilipofungwa mwaka 2015. Yaliyosemwa mle ndani yalikuwa jirani yetu kabisa, na bado wengi wetu twayajua kwa jina tu.

Tuanze na neno, kwani maneno ndiyo shamba letu. Mwaka 1944 mwanasheria wa Kiyahudi kutoka Poland, Raphael Lemkin, alikosa neno la kuutaja uovu uliokuwa ukitendeka Ulaya, akaliunda mwenyewe kwa kuunganisha Kigiriki na Kilatini. Kiswahili kilipotakiwa kulibeba wazo hilo hakikukopa. Kilirudi nyumbani kikalichukua neno la kale "mbari", yaani ukoo, watu wa asili moja, na likapatikana "mauaji ya kimbari". Tafsiri hii ina uzito wake. Anayekufa ni mtu mmoja mmoja, lakini kinacholengwa ni mbari nzima. Na hapo ndipo ugumu wa kisheria unapoanzia. Aliyemwua mtu mmoja ana deni kwa jamaa wa marehemu na kwa nchi yake. Aliyekusudia kuifuta mbari ana deni kwa wanadamu wote. Deni ni moja, wadai ni wawili. Nani atangulie kudai?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 dhidi ya mauaji ya kimbari uliliona swali hili ukalipita kando. Kifungu chake cha 6 kilitaja milango miwili: mshitakiwa ahukumiwe na mahakama ya nchi ambamo kosa lilitendeka, ama na mahakama ya kimataifa ambayo mataifa yatakuwa yameikubali. Mlango upi utangulie, hakikusema. Tena mlango wa pili ulikuwa umechorwa ukutani tu, kwani mahakama ya aina hiyo haikuwapo. Ile ya Nuremberg, iliyowahukumu wakuu wa Wanazi, ilikuwa imekwisha kazi yake kwao tangu 1946.

Hata hivyo Nuremberg ilikuwa imeacha desturi moja ya kugawana. Katika Tamko la Moscow la mwaka 1943, Roosevelt, Churchill na Stalin walitangaza kwamba waliotenda maovu mahali panapojulikana watarudishwa huko huko wakahukumiwe na watu waliowatenda. Na wale wakuu ambao uovu wao haukuwa na mahali pamoja wataadhibiwa kwa uamuzi wa pamoja. Rudolf Höss, mkuu wa kambi ya Auschwitz, alisimama Nuremberg mwaka 1946 kama shahidi tu. Kisha alikabidhiwa Poland, akahukumiwa Warsaw, na mwaka 1947 akanyongwa pale pale Auschwitz. Kipimo, basi, kilikuwa mahali: dhambi yenye kijiji ihukumiwe kijijini.

Sasa tuje Rwanda. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyombeba Rais Juvénal Habyarimana, akirejea kutoka kwenye mkutano wa Dar es Salaam pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Kuanzia usiku ule, kwa muda wa siku 100 hivi, Watutsi waliuawa majumbani, makanisani, mabarabarani na mabondeni, na pamoja nao Wahutu waliokataa kushiriki. Umoja wa Mataifa umekuwa ukitaja watu wasiopungua 800,000. Serikali ya Rwanda husema zaidi ya milioni moja. Majaji na mahakimu wengi walikuwa miongoni mwa waliouawa, na wengine miongoni mwa waliokimbia. Huo ndio ugonjwa wa mwenyeji: nyumba imejaa mauti, na yule ambaye angehukumu naye kaondoka.

Serikali mpya ya Kigali ndiyo iliyoomba mahakama ya kimataifa. Kisha tarehe 8 Novemba 1994, Baraza la Usalama lilipopiga kura juu ya Azimio namba 955, nchi 13 ziliunga mkono, China ikajizuia, na nchi moja pekee ikapinga. Nchi hiyo ilikuwa Rwanda, ambayo mwaka ule ilikuwa na kiti katika Baraza. Mwenyeji aliyemwita mgeni alimkataa mlangoni.

Sababu zake hazikuwa za kitoto. Mahakama ile haikuwa na adhabu ya kifo, ilhali sheria ya Rwanda ilikuwa nayo. Ilipewa mwaka mmoja tu wa kuutazama, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba 1994, kana kwamba moto ule haukuwa na kuni zilizokusanywa miaka ya nyuma. Wafungwa wangeweza kupelekwa nchi za mbali. Mwendesha mashtaka na majaji wa rufaa wangekuwa wale wale wa mahakama ya Yugoslavia. Tena makao hayakuahidiwa kuwa Rwanda. Na kweli, Februari 1995 Baraza lilichagua Arusha. Mjane wa Butare aliyetaka kumwona muuaji wa mumewe akihukumiwa ingembidi avuke mpaka, na akifika akute kesi ikiendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa, Kinyarwanda kikipita kwa mkalimani.

Kanuni ya kugawana iliandikwa katika kifungu cha 8 cha sheria ya mahakama hiyo. Ilisema kwamba mamlaka ni sambamba: mahakama za nchi zaweza kuhukumu, na ya Arusha yaweza kuhukumu. Kisha ikaongeza kwamba ya Arusha ina ukuu juu ya mahakama za nchi zote, na katika hatua yoyote yaweza kuzitaka zimwachie kesi. Usambamba na ukuu katika kifungu kimoja! Ni kama kumwambia mtu kwamba nyumba ni yenu nyote wawili, ila mgeni ndiye mwenye ufunguo.

Ufunguo ule ulitumika upesi. Kanali Théoneste Bagosora, aliyeshika hatamu za jeshi katika siku za mwanzo za mauaji, alikamatwa Cameroon mwaka 1996. Ubelgiji ilimtaka, kwa kuwa askari wake 10 wa kulinda amani waliuawa Kigali tarehe 7 Aprili 1994. Rwanda ilimtaka. Arusha nayo ikasema ni wangu, na ikampata. Hukumu yake ilitoka Desemba 2008, kifungo cha maisha, na katika rufaa mwaka 2011 kikapunguzwa kuwa miaka 35. Alifia Mali mwaka 2021, akiwa mfungwa.

Hapo mizani ilipinda kwa namna ya kutisha. Tarehe 24 Aprili 1998 Rwanda iliwaua hadharani kwa risasi watu 22 waliohukumiwa na mahakama zake. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Mei, Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya mauaji, alisimama Arusha akakiri makosa yote aliyoshitakiwa. Septemba mwaka ule alihukumiwa kifungo cha maisha. Mkuu wa serikali iliyoyaongoza mauaji akabaki hai, na watu wa ngazi za chini yake wakapigwa risasi mbele ya umati. Sisemi kwamba Kambanda naye angepaswa kuuawa. Nasema tu kwamba kazi ikigawanywa pasipo kipimo kimoja cha adhabu, ukuu wa mtu huweza kugeuka ngao yake.

Ugomvi ukafika kileleni mwaka 1999. Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa waasisi wa redio iliyochochea mauaji, alikuwa amekaa kizuizini muda mrefu kinyume cha taratibu. Tarehe 3 Novemba majaji wa rufaa waliamuru aachiwe, kwa hoja kwamba haki zake zimevunjwa. Kigali ikakata ushirikiano, na bila ushirikiano wa Kigali Arusha haikuwa na shahidi wala kaburi la kuonyesha. Machi 2000 majaji wa rufaa, wakisema kwamba wameletewa mambo mapya, waliugeuza uamuzi ule. Barayagwiza alishitakiwa na kutiwa hatiani. Mwenye ukuu wa maandishi aligundua kwamba mwenye mashahidi naye ana ukuu wake.

Msomaji asidhani kwamba mgeni hakuja na dawa. Alikuja nayo, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya maneno. Jean-Paul Akayesu alikuwa meya wa wilaya ya Taba. Hati ya mashtaka yake mwanzoni haikutaja ubakaji hata kidogo. Kesi ilipokwisha kuanza, mwaka 1997, mashahidi wanawake waliyasema yale ambayo hawakuulizwa, na jaji mmoja mwanamke aliyekuwa kitini, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, pamoja na wenzake wawili, waliwasikiliza. Hati ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akawa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na kwa mara ya kwanza ubakaji ukatambuliwa kuwa mojawapo ya njia za kuiangamiza mbari.

Katika hukumu ile majaji walisimama kutazama maneno ya Kinyarwanda ambayo mashahidi waliyatumia: gusambanya, kurungora, kuryamana, gufata ku ngufu. Msomaji wa Kiswahili atayaona mengine bila mkalimani. Kuryamana ni ndugu wa kulala. Gufata ku ngufu ni kukamata kwa nguvu. Mwanamke aliyelelewa kwa staha hutumia neno la mafumbo mbele ya watu, na wakili wa upande wa pili aweza kusema kwamba huyu kasema walilala tu, hakusema kashikwa kwa nguvu. Majaji walilazimika kujifunza kuisikia staha bila kuigeuza uongo. Kazi hiyo ni ya mfasiri kabla ya kuwa ya hakimu.

Tena pana kesi ambayo kila mtunzi angepaswa kuijua. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki maarufu wa Rwanda, na nyimbo zake zilirushwa redioni katika siku za mauaji. Alikamatwa Uholanzi mwaka 2001 akaletwa Arusha, na nyimbo zake zikafafanuliwa mstari kwa mstari mbele ya majaji. Walikubali kwamba zilitumika kuwachochea watu dhidi ya Watutsi. Lakini zilikuwa zimetungwa kabla ya mwaka 1994, nje ya ule mwaka mmoja, na haikuthibitika kwamba yeye mwenyewe alishiriki kuzirusha mwaka ule. Kilichomfunga miaka 15, katika hukumu ya Desemba 2008, ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani mwezi Juni 1994, akihimiza Watutsi waangamizwe. Hapa ile hoja ya Rwanda ya mwaka 1994 ilirudi kudai haki yake: kuni zilikusanywa kabla, na mgeni alikuwa ameruhusiwa kuutazama moto tu.

Wakati Arusha ikihukumu watu wachache kwa miaka mingi, mwenyeji alikuwa na wafungwa zaidi ya 120,000 katika magereza yaliyofurika. Ndipo akarudi kwenye nyasi. Gacaca, jina lenye asili ya nyasi ambazo wazee walikalia wakisuluhisha magomvi, ilifufuliwa kwa sheria ya mwaka 2001, ikaenea nchi nzima mwaka 2005, na ikafungwa Juni 2012. Mahakama kama 12,000, zikiendeshwa na watu wa kawaida waliochaguliwa na jirani zao, zilisikiliza kesi zaidi ya milioni 1.9. Mshitakiwa hakuwa na wakili. Wako walioonewa kwa visa vya mashamba na chuki za zamani, na wako mashahidi waliotishwa. Lakini pale ndipo wengi walipoonyeshwa shimo walimotupwa jamaa zao, wakapata kuwazika. Arusha iliwapa walionusurika jina la kosa. Kwenye nyasi baadhi yao walipata mifupa. Hapana mahakama moja ambayo ingetoa vyote viwili.

Zilikuwapo pia nchi za tatu, nazo zilifundisha somo lao. Michel Bagaragaza aliombewa kupelekwa Norway, na mwaka 2006 Arusha ikakataa, kwa kuwa sheria ya Norway wakati ule haikuwa na kosa la mauaji ya kimbari. Angehukumiwa kama muuaji wa kawaida. Ikaonekana tena kwamba jina la kosa si pambo. Meja Bernard Ntuyahaga alikuwa ameshitakiwa Arusha kwa mauaji ya wale askari 10 wa Ubelgiji. Mwaka 1999 mwendesha mashtaka aliiondoa kesi ili Ubelgiji imhukumu, na mahakama ikasema haina uwezo wa kumkabidhi. Tanzania ikamkamata, Rwanda na Ubelgiji zote zikamtaka. Alifika Ubelgiji mwaka 2004, na mwaka 2007 akafungwa miaka 20. Miaka minane ilipita kati ya mlango mmoja kufungwa na mwingine kutoa hukumu.

Hatimaye mgeni alitakiwa aondoke, na hapo methali yetu ikaanza kutimia. Baraza la Usalama lilitaka Arusha imalize kazi, na kesi zilizobaki zirudi kwa nchi. Arusha ikaweka masharti: mshitakiwa asikabiliwe na kifo, na apate kesi ya haki. Mwaka 2007 Rwanda ilifuta adhabu ya kifo. Mwaka 2008 maombi ya kuhamisha kesi yalikataliwa bado, kwa hofu juu ya usalama wa mashahidi wa utetezi na juu ya kifungo cha maisha cha upweke. Rwanda ikarekebisha sheria tena. Juni 2011 mahakama iliamua kwamba mchungaji Jean Uwinkindi apelekwe Rwanda, chini ya waangalizi. Alifika Aprili 2012, na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha maisha. Tangu kura ile ya kukataa hadi siku ile ilikuwa imepita miaka 17. Mwenyeji alikuwa amejenga upya chumba ambacho mgeni mwenyewe alikubali kulala.

Lakini insha inayoishia hapo itakuwa imeficha nusu ya habari. Mwezi Juni 1994 askari wa RPF, jeshi lililokuwa likiyazima mauaji, waliwaua viongozi wa Kanisa Katoliki karibu na Kabgayi, wakiwemo maaskofu 3. Arusha ilikuwa na mamlaka juu ya makosa ya upande huo pia, na haikumshitaki hata mmoja wao. Mwaka 2008 iliiachia Rwanda kesi ile. Mahakama ya kijeshi iliwafunga watu wawili waliokiri, kifungo kikapunguzwa kuwa miaka 5, na wakubwa wawili wakaachiwa huru. Gacaca nayo haikuyagusa makosa ya namna hiyo. Hivyo kugawana mamlaka kunaweza kuwa daraja, na kunaweza kuwa pazia. Kila mmoja akimwonyesha mwenzake, mfiwa hubaki katikati.

Somo hilo lilikuwa limekwisha kuanza kuandikwa kwa sheria nyingine. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2002, uliigeuza kanuni ya Arusha juu chini. Mahakama ya ICC iliyoko The Hague haina ukuu; inakamilisha tu. Nchi ndiyo ya kwanza, na The Hague huingia pale ambapo nchi haitaki au haiwezi. Mgeni hana tena ufunguo, anasubiri barazani.

Kenya ndiyo iliyotuonyesha mgeni akisubiri barazani. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki. Tume ilipendekeza mahakama maalumu ya nchini. Februari 2009 Bunge lilikataa mswada wake. Mwaka 2010 ICC ilifungua uchunguzi. Mwaka 2011 serikali ya Kenya ilidai kwamba itahukumu yenyewe, na majaji wakaitaka ionyeshe uchunguzi halisi dhidi ya watu wale wale kwa makosa yale yale. Ahadi peke yake haikutosha. Basi The Hague ikachukua majalada, na kesi moja baada ya nyingine zikaanguka: ya Uhuru Kenyatta ikaondolewa Desemba 2014, ya William Ruto na Joshua arap Sang ikakatizwa Aprili 2016. Bunge lilikataa, mgeni akashindwa, na waliochomewa nyumba zao Bonde la Ufa hawakupata wa kumdai.

Na hata wanaoachiwa huru wana sehemu katika hesabu hii. Arusha iliwaachia watu 14 kati ya 93 ilioshitaki. Baadhi yao, pamoja na wengine waliomaliza vifungo, waliishi Arusha miaka mingi wakikosa nchi ya kuwapokea. Desemba 2021 watu 8 walipelekwa Niger, na kabla mwezi haujaisha Niger ikawaamuru waondoke. Mahakama iliyokuwa na ukuu juu ya mahakama za nchi zote haikuwa na hata kipande cha ardhi cha kumpa mtu iliyemwona hana hatia.

Sheria hulisema jambo hili kwa neno "mamlaka", na neno hilo hutudanganya tudhani kinachogawanywa ni enzi. Mifano yote niliyoitaja yanionyesha kwamba kinachogawanywa ni deni. Anayechukua jalada amechukua pia mzigo wa kumtafuta shahidi, kumlinda, kuisikia lugha yake, kumhukumu mkubwa na mdogo kwa mizani moja, na kumpa nyumba asiye na hatia. Bagosora alipogombewa na nchi mbili na mahakama moja, kila mmoja alitaka enzi. Wafiwa wa Kabgayi na wa Bonde la Ufa hawakugombewa na mtu.

Mgeni, basi, ahesabiwe kwa hali ya mwenyeji baada ya kuondoka kwake. Arusha iliacha Rwanda isiyonyonga wala kupiga risasi waliohukumiwa, na iliacha jina la kosa ambalo halifutiki. Iliacha pia maiti za upande mmoja bila hukumu yenye uzito. Mwenye kovu, usidhani kapoa.